Kabati la Bahasan

Faraj alikuwa akilitoa nje kwa mgongo,
duka la babake analigeuza la simu.
"Lichukue, dada, hata kwa elfu mbili,
hapa linakula nafasi bure."
Mkokoteni hadi Maweni nikalipa mimi.

Mguu mmoja mfupi. Bawaba moja haipo.
Droo ya tatu haifunguki mpaka uitukane.
Dama wa nyumba ya pili akachungulia, akacheka:
"Umenunua kuni?"
Kipya kinyemi, nikamwambia.
"Na kipya kiko wapi?"

Kipya kilikuwa ndani ya kopo,
lita moja, kijani cha mchicha,
kikingoja msasa umalize kazi yake:
namba sitini wa kukwaruza,
halafu mia na ishirini, wa kubembeleza.

Juu ilikuwa hudhurungi, ile ya milango ya serikali.
Chini yake buluu ya dobi.
Chini ya buluu, waridi.
Nani alithubutu waridi
kwenye kabati la sukari na sabuni?
Labda mkewe, siku Bahasan alipokwenda Mombasa.
Na chini ya waridi mti wenyewe,
mbambakofi, mwekundu kama ndani ya kinywa.
Bungua walijaribu. Walitoboa vitundu vitatu
wakashindwa, wakahama.

Vumbi lilinijaa kwenye nyusi.
Tsuma aliporudi shule aliniamkia kama mgeni.

Droo ya tatu niliitukana kwa Kigiriama
ikatoka.
Ubavuni mwake, pasipofika jicho la mteja,
penseli, mwandiko wa kulalia kulia:

*Karisa, unga kilo mbili.* Limekatwa.
*Mwalimu wa Barani, betri jozi.* Limekatwa.
*Fundi Athman, wembe, majani ya chai.* Limekatwa.
*Mama Kahindi vitumbua, sukari nusu, mafuta ya taa chupa.*
Halijakatwa.

Malindi ina akina Mama Kahindi wengi.
Wa vitumbua alikuwa mmoja,
na mimi ndiye niliyempulizia jiko.

Hakuna tarehe.
Huenda ni sukari ile niliyoilamba kwa kidole, nikachapwa.
Hakututajia. Ila akifika karibu na duka lile
alivuka barabara,
nasi tukadhani anapenda kivuli cha upande wa pili.

Kesho yake nikampelekea Faraj mia tatu.
Akazirudisha: "Tulishamalizana, dada."
Hizi si za kabati, nikasema, ni za sukari.
Akatazama rafu zake, chaja, vioo, vifuniko vya simu.
"Hapa hatuuzi sukari."
Dawa ya deni, nikaanza,
"ni kulipa," akamalizia bila kufikiri,
akatia noti mfukoni
kama mtu anayemridhisha mwendawazimu.

Nyumbani nikaazima penseli ya Tsuma.
Mstari mmoja, kutoka M mpaka chupa.

Dama akasema, hapo usipake, paache, ni ukumbusho.
Nikapaka.
Mkono wa kwanza, penseli ilionekana bado
kama mshipa chini ya ngozi.
Wa pili ikafifia.
Wa tatu, mchicha mtupu.
Aliyevuka barabara miaka yote ile
asisomwe ubavuni mwa droo
na kila atakayekuja kutafuta kijiko.

Siku mbili nyumba nzima ilinuka tapentaini,
wali ukanuka, mto wa kulalia ukanuka.
Sasa lina vikombe, daftari za Tsuma,
na mkebe wa sukari, kilo nzima.
Mguu mfupi nimeutilia kigae.
Ile bawaba bado sijaipata.

Droo ya tatu ni mkaidi vilevile.
Siitukani tena.
Napiga hodi,
inafunguka ikitaka.