Kuasili

Bi Tumpale wa ustawi wa jamii alilitamka polepole,
kama mtu anayekupokeza kikombe kilichojaa hadi ukingoni:
kuasili.
Mimi nikasikia kuasi.
Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeshika mabati tangu alfajiri,
labda ni hiyo.
Akarudia. Nikasikia asili.
Nikabaki nimelishika neno moja kwa ncha zake mbili,
huku uasi, huku chimbuko,
na katikati wewe, miezi mitano, unasukuma.

Sikukupanga. Nakuambia mapema
maana wengine watakuambia kwa sauti mbaya zaidi.
Baba yako alikuja kupima udongo wa mashamba ya parachichi.
Akapima, akafunga vichupa vyake sandukuni.
Siku hizi nikimpigia hupokea mwanamke mwenye adabu sana,
anasema namba haipatikani.

Kaka yako Lusekelo ana miaka saba.
Kiatu chake cha kushoto kinakunywa maji.
Nakitaja kwa sababu kila nikipiga hesabu
naanzia hapo: kiatu, daftari, kuni, mchango wa uji wa shule,
na nikifika kwako vidole vimekwisha.

Mama ananiita kwa wingi.
"Nyie, mmekula?"
Ananisogezea mbalaga, anarudi jikoni.
Sijui ni heshima au ni hesabu.

Shangazi ndiye mwenye maneno.
Mtoto hatupwi, anasema.
Nani kasema kutupa?
Kutupa nakujua. Pale ghalani tunakofungasha,
parachichi lenye doa linaviringishwa shimoni nyuma ya mizani
na hakuna anayegeuka kulitazama.
Wewe nimekuulizia hadi Bi Tumpale akachoka.
Majina yao hakunitajia.
Kasema tu mume anafundisha hisabati, mke ana cherehani,
na kuna chumba kidogo
walichokipaka rangi mara tatu ndani ya miaka tisa.
Mara tatu.
Mambo mengine yote niliyasikia nikalala.
Hilo la rangi limenikesha.

Jirani Gwantwa alinishika mkono hadi mgombani kwake.
Tazama, kasema, chipukizi likisongwa na mama yake linadumaa;
unaling'oa, unampa mwenye nafasi, linazaa mkungu wa kubebwa na wawili.
Nikaitikia. Ni mtu mwema.
Lakini, Gwantwa, mgomba hauvuji maziwa usiku.
Mgomba hausimamishwi mlangoni pa kanisa
ukaulizwa, mbona tumbo limeshuka, na kilio cha mtoto hatukisikii?

Siku moja utauliza.
Utakuwa mrefu, pengine utakuwa na magoti yangu haya yanayogongana,
na kichwa kinachopenda hesabu, si changu.
Nikikutoa, usikubali wakuambie ulikuwa mzigo.
Mizigo nimebeba, naijua:
mzigo ukiutua, mgongo unanyooka.
Wewe nikikutua sitanyooka.
Na nikikubakiza,
nisamehe kiatu.

Fomu nimeiweka chini ya kopo la chumvi, isipeperuke.
Kuna mstari umeandikwa UHUSIANO NA MTOTO.
Huo nimeujaza bila kumuuliza mtu.
Kwingine kote bado kweupe.
Bi Tumpale kasema nisiharakishe,
kasema hata nikishakuona uso naweza kusita,
na aliposema hivyo alikuwa anatazama dirisha, si mimi.

Umepiga teke.
Sijui umekubali au umekataa.
Lala basi. Mvua imepungua kidogo,
na moto haujazimika,
ngoja nigeuze kiatu cha kaka yako mafigani
kikauke na upande wa pili.