Vikifika Vizima

Gogo la msindano linashuka kutoka Shume
likiwa bado na baridi ya mlimani kwenye maganda,
na sisi hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
tunalivua koti, tunalikata vipande vya dhiraa moja,
tunalianika mpaka likubali joto letu.
Halafu mashine. Meno yake ni ya chanuo,
hayaumi, yanachana:
uzi, uzi, uzi, mwembamba kuliko tambi za Idi,
unajikunja wenyewe kabla haujafika chini.

Watoto wa mtaa wanaziita ndevu za msindano.
Kwenye risiti tunaandika sufu ya mbao.
Fundi Semhando, mwenye mashine na mwenye deni lake,
anaziita "hizi", basi.
Hizi zipeleke kwa Mwanasha wa mayai.
Hizi za dukani kwa vioo.
Hizi zina unyevu, zirudishe juani,
kioo hakipendi kulala pabichi.

Mimi kazi yangu ni kufunga.
Nimefunga chemni za kandili,
nimefunga saa ya ukutani iliyokataa kunyamaza,
nimefunga meno ya bandia ya mtu, sikuuliza.
Wahenga walisema vikielea vimeundwa.
Hawakusema vikifika vizima vimefungwa,
labda kwa kuwa hawakuwahi kutuma vikombe Pangani
kwa barabara ile ya makorongo.

Mfunguo Tatu alikuja Mwalimu Mhina
na seti ya chai ndani ya shuka.
Vikombe sita, birika, kibakuli cha sukari,
kaure nyeupe yenye ukingo wa buluu.
"Ni vyake," alisema. "Alivisahau."
Mtu hasahau birika. Nikanyamaza.
Kikombe kimoja hakikuwa na mkono.
"Hicho kiache,"
kisha, nilipokiweka kando: "Hapana. Kitie."
Nikakitia. Nikakipa sufu mara mbili ya wenzake,
nikaijaza tumboni, nikaizungusha ubavuni,
nikalitikisa boksi karibu na sikio
kama mtu anayechagua nazi,
ila mimi ninayoitaka ni ile isiyojibu.

Sufu hii haina nguvu.
Ukiibana inasinyaa, ukiiachia inarudi.
Siri yake ni hiyo tu, kukubali kubonyea yenyewe
ili kilicho ndani kisipasuke.
Nimewahi kujaribu kuishi hivyo. Inachosha.

Wiki tano baadaye kijana wa pikipiki
akaleta bati la biskuti, limefungwa kwa kamba ya katani.
Ndani, sufu yetu. Ninaijua, nimeichana,
ila sasa ilikuwa na nyoya dogo jekundu
na joto la harufu ya kuku aliyetamia.
Na ndani ya sufu, mayai manane.
Na karatasi:

*Kuku wangu ameipenda hii kuliko nyasi.
Vikombe vimefika. Hata kile.
Mayai ni ya aliyefunga.
Mwalimu asionjeshwe.*

Semhando alicheka mpaka akaishikilia mashine.

Ijumaa Mwalimu alipita, akauliza
kwa sauti ya mtu asiyeuliza
kama mzigo ulifika.
"Ulifika mzima."
"Wote?"
"Wote."
Akasimama kidogo, akaokota uzi mmoja sakafuni,
akauzungusha kidoleni pale penye alama ya pete,
ukakatika,
akaenda zake.

Jioni umeme nao ukaenda zake.
Nikachukua konzi moja ya sufu ileile ya bati,
nyoya na yote, nikaipenyeza chini ya mkaa.
Njiti moja ilitosha:
msindano hausahau utomvu wake.
Nikakaanga mawili yangu na moja la Semhando,
tukala tumesimama, chumvi kwenye kiganja.
Matano yaliyobaki nikayalaza tena palepale,
uzi huku, uzi kule,
yasigusane.