Saba Gawa kwa Mbili

Lugha ninayoiandikia ina jina la chatu,
na chatu, kama mjuavyo, hujivua gamba.
Kwenye mashine hii ya ghala la kahawa, hapa Moshi,
gamba na nyoka wanaishi pamoja:
toleo la pili, aliloliacha marehemu Anaeli,
na la tatu, nililokuja nalo mimi kwenye flashi.

Kuhama si kazi. Neno moja, kitufe kimoja,
kishale kinapepesa
nami niko kwingine.
Kama nyumbani, ambako Kimachame cha baba kiliishia sebuleni
na Kirombo cha mama kikaanzia jikoni,
na ukikosea mlango, wajomba walipaliwa na mbege kwa kicheko.

La pili huchapa bila mabano.
La tatu halitaki mzaha: bila mabano linanuna,
linakutupia mistari myekundu usoni.
Siku tatu nzima nimeshinda nikifunga mabano ya Anaeli.

Jumatano, umeme uliporudi,
nikajaribu hesabu ya kupoteza muda:
saba gawa kwa mbili.
Tatu na nusu, likasema la tatu.
Nikahama. Saba gawa kwa mbili.
Tatu,
likasema la zamani, bila haya,
kama mtu aliyelamba nusu na kufuta mdomo.

Nikafungua daftari la Uru.
Namba mia nne kumi na nane: Ndeonasia na Aikande,
wajane wa mume mmoja, kihamba kimoja, mzani mmoja.
Kilo saba: huyu tatu, huyu tatu.
Kilo thelathini na moja: kumi na tano, kumi na tano.
Misimu kumi na moja,
kila mmoja akijua kabisa nani kala ile kilo.
Hata msibani hawakukaa benchi moja.

Meneja kasema: rudisha la zamani
mpaka mkutano mkuu, usiwashe kiberiti kwenye majani makavu.
Neno moja tu. Nimeliandika.
Sijabonyeza.

Dirishani mvua, na Ndeonasia,
risiti yake imelowa pembe.
“Leo mashine yako inasemaje?”
“Tatu na nusu, mama.
Na mwenzako tatu na nusu.
Zamani ilikuwa haijui nusu.”

Akanyamaza. Akaikunja risiti mara nne.
Aikande alikuwa mlangoni, akikung'uta mwavuli.
Ndeonasia hakugeuka kumtazama.
Alisogea tu kwenye benchi,
pakabaki nafasi ya mtu mmoja.