Mshiriki wa Arobaini na Moja

Newala, chumba cha meno, saa nne asubuhi.
Naingiza kipimo kati ya ufizi na jino,
naita namba, Nankondya anaandika:
tatu, tatu, sita,
ngoja, narudia,
saba.

Bibi Asumini Chilumba hashtuki.
"Halijaniuma hata siku moja," anasema.
"Limechoka tu kusimama."

Kwenye eksirei mfupa wa taya umeshuka
kama udongo mwekundu kule ukingoni, Shimo la Mungu:
mvua ya juzi, mvua ya mwaka juzi,
hadi mizizi ya mkorosho ikabaki nje
na mti bado una majani.

"Na huo mfupa," anauliza, "huwa unakwenda wapi?"

Fomu ina nafasi ya umri, ya sukari, ya ugoro.
Ya swali lake haina.
Nalibana pembeni, kwa penseli.

Akishuka kitini anafungua pindo la kanga:
korosho za kukaanga, tano, zetu.
"Tafuneni nyie mnaoziweza."

Nankondya anatafuna upande mmoja.
Mimi yangu naiweka mfukoni,
na kwa ncha ya ulimi, mdomo nimeufumba,
nayasukuma meno yangu
moja
moja.