Kijiko cha Chai

Juni, Uyole. Baridi imelalia bati,
nami nimesimama bandani na tochi ya simu,
nasikiliza.
Kuku mia mbili na kumi wanakoroma
kama birika linalokaribia kuchemka.

Ule unga wa njano niliwaanzishia wakiwa vifaranga:
kijiko cha chai, ndoo ya lita ishirini.
Hawakuwa wanaumwa. Niliuita kinga.
Ndoo ikashika rangi, hata maji matupu
yakawa yanaonekana dawa.

Wiki hii nimetia vijiko vitatu.
Wamekunywa. Wanakoroma.

Anangisye, bwana mifugo, kaja na picha kutoka maabara:
kisahani, viduara sita vya karatasi yenye dawa,
na vijidudu vimeota mpaka ukingoni mwa kila kiduara,
kama magugu yaliyozoea jembe.
"Umewafundisha, mama," akasema, taratibu.
Afadhali angefoka.

Asubuhi Sekela anakohoa akivaa sweta ya shule.
Nimebandika kikaango, nimepasua yai,
kisha mkono ukagoma:
yai linanikodolea jicho moja
la njano,
njano ileile.