Tisa Nane Tisa

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa.
Niko Lisboni, chumba cha chini, taa moja,
hedifoni zimenibana kama kofia ya kuazima,
na mbele yangu dakika kumi na moja za sauti
kutoka kisiwa cha Terceira, usiku wa Desemba.

Kwanza naandika upepo.
Si neno, mkuu wangu ataufuta,
lakini upo, unakwaruza kila herufi.

Halafu Deolinda Bettencourt, mnarani,
mwaka wake wa kumi na tisa kwenye kiti kile.
Sauti ya mtu anayehesabu chenji dukani:
“Sita moja nne, shuka futi elfu mbili,
mgandamizo wa hewa tisa nane tisa.”

Na Tadeáš Hornyák, rubani msaidizi, kijana wa Košice,
anajibu upesi, kwa adabu:
“Elfu mbili. Tisa tisa nane. Sita moja nne.”

Hapo nasimamisha.
Narudisha nyuma.
Narudisha tena, labda ni mimi.
Si mimi.

Wanazungumza Kiingereza,
ambacho hakuna kati yao aliyebembelezwa nacho.
Mmoja huota Kireno, mwingine Kislovakia;
wamekutana kwenye lugha ya kupanga
kama wapangaji wawili wanaosalimiana ngazini,
kila mmoja akidhani mwenzake amefunga mlango wa chini.

Sikio halilali na njaa, walisema waliotutangulia.
Kweli. Likikosa, hujipikia.
La kijana lilikuwa limeshiba toka mchana:
tisa tisa nane ilikuwa kwenye karatasi ya hali ya hewa
aliyopewa Bratislava, kabla ya dhoruba,
akaizungushia duara kwa kalamu.
La Deolinda lilisikia tisa, na tisa, na nane,
zote tatu alizozituma,
likazipanga lenyewe, kama mama apangavyo viatu vya watoto
mlangoni, bila kutazama.
“Sahihi,” akasema.

Naandika: Sahihi.
Mkono unakataa kuendelea.

Maana tisa ilipokaa mahali pa nane
altimita ilidanganya futi mia mbili na arobaini,
na watu mia moja sabini na tatu
wakaamini wako juu kuliko walipokuwa.
Chini yao giza, kuta za mawe meusi,
ng'ombe wameupa upepo mgongo.

Dakika mbili hakuna anayesema.
Naandika: kimya.
Sijui namna ya kuandika kimya chenye watu ndani.

Kisha redio inafunguka, na nyuma yake mashine inapiga kelele:
ardhi, ardhi, panda.
Nahodha, Zlata Palčíková, ambaye hakuwa amesema lolote hewani:
“Tunapan—”
Injini zikammalizia.

“Sita moja nne,” anauliza Deolinda, taratibu,
“altimita mmeiweka ngapi?”
“Tisa tisa nane.”

Sekunde sita. Nimezipima.
Ndani yake kiti kinasogea,
na linatoka neno la Kireno lisilo katika kanuni,
ambalo nyanya yangu alilitumia mkate ukiungua.
“Hapana. Tisa. Nane. Tisa.”
Anazitenga kama anayevuka mto kwa mawe.
“Tisa,” anasema kijana. “Nane.”
Anameza mate. “Tisa.”

Mara ya pili walitua.
Abiria wakalalamikia kuchelewa, mmoja akadai mwavuli wake.
Mfugaji, Hermínio Ormonde, aliwaeleza polisi
kwamba asubuhi ile ng'ombe wake walikataa kukamuliwa.
Hakuna aliyelinukuu hilo. Nimelinukuu mimi.

Mwisho wa fomu pana kisanduku: kosa la nani?
Nimekiacha wazi, nikapanda ngazi kwenda mkahawani,
masikio yangu bado yana upepo.
“Kahawa,” nikasema, “bila maziwa.”
“Kahawa na maziwa,” akakariri mhudumu.
“Sahihi,” nikajibu,
huku nikitafuta chenji mfukoni.