Ratiba ya Siku Moja Giresun

Feryal, basi la Ankara litakushusha saa kumi na mbili asubuhi,
na la Trabzon litakubeba saa tatu usiku.
Mchana mmoja na jioni yake, kwa miaka ishirini na sita.
Ofisi ya utalii wana karatasi yenye picha za rangi.
Usiichukue. Nimekuandikia hii nyuma ya risiti ya umeme.

Usipande teksi. Fuata harufu ya mkate
hadi kwa Hasibe, yule mwenye jicho la kengeza,
umwombe supu ya kabichi nyeusi.
Atajifanya hakujui. Kula tu.
Ukimaliza bakuli atakuuliza mbona umekonda.

Kisha panda ngomeni, ngazi kwa ngazi,
magoti yakilalamika yaache yalalamike.
Juu kuna wazee wanaocheza karata, chai katika bilauri zenye kiuno,
na mji mzima chini yako, mapaa kwa mapaa,
kama nguo zilizokunjwa na mtu mwenye haraka.
Usinitafutie paa letu. Nitakueleza.

Ni Agosti, kwa hiyo utaruka njugu.
Zimeanikwa kila penye kijua: uani, kando ya msikiti,
hata kwenye uwanja wa mpira, goli moja limefunikwa turubai.
Wajua kwamba zipo lugha za mbali ambako jina la njugu hii
lilisafiri, likabadilika, likawa bunduki?
Hapa bado ni njugu. Hapa bado twagombana
kwa sababu ya bei ya kilo, na mvua isiyojua hodi.

Saa sita kuna boti ya kwenda kisiwani.
Nahodha ni Idris, mtoto wa yule Idris.
Atakuzungusha kisiwa na kukusimulia habari za wanawake wa vita
waliokaa huko zamani, na kila mwaka idadi yao inaongezeka.
Mwachie. Wewe watazame mnandi
wakikausha mabawa juu ya mawe, wamejitanda
kama miavuli iliyovunjwa na upepo.

Ukirudi, nenda mtoni Aksu.
Okota kokoto: jozi saba, na moja isiyo na mwenzake.
Najua, mila hii ni ya Mei.
Bahari haisomi kalenda.
Tupa mbili mbili, uachie kila jozi tabu yake:
kodi, kiuno, yule mume wa Köln, chochote.
Ile moja usitupe. Nitakwambia ya nini.

Sasa barabara kuu.
Utaivuka kwa taa, njia nne, malori ya Georgia yakinguruma.
Kwenye taa ya tatu simama kidogo,
hata madereva wakipiga honi.
Chini ya lami hiyo, chini ya kifusi,
ndipo mama alipotushika matumbo kwa kiganja kimoja kimoja
akasema, *pigeni miguu, maji hayana chuki*.
Walisukuma bahari mita themanini.
Haikuaga. Nawe hukuaga.
Silaumu, naeleza tu mahali palipo.

Makaburi hayamo kwenye ratiba.
Yako juu ya mtaa wa Zeytinlik, kushoto kwa mti wa cheri
ambao hauzai tena, lakini hakuna mwenye moyo wa kuukata.
Ukienda, ile kokoto moja ndiyo yake.
Usipoenda, itie mfukoni, usinionyeshe.

Mvua ikinyesha, na itanyesha,
futa yote niliyoandika juu ya supu, ngome, boti na mto.
Njoo moja kwa moja. Nitakuwa nakaanga dagaa wa barafu,
wa msimu uliopita, si wabichi, utavumilia.
Tutakaa dirishani tuhesabu malori.

Beba sweta.
Na jamu ya cheri usinunue stendi.
Wanaongeza maji.